Kebo za Simu Zilizostaafu na Uchunguzi wa Kina cha Bahari: Mafunzo Kutoka Pasifiki

IKISIRI

Makala hii inaeleza jinsi kebo za simu za chini ya bahari, zilizoacha kutumika kibiashara, zilivyogeuzwa kuwa vyombo vya uchunguzi wa kisayansi katika kina kirefu. Mifano mikuu imechukuliwa katika Bahari ya Pasifiki, hususan kebo ya HAW-2 iliyounganisha Hawaii na California. Hoja yetu ni kwamba manufaa ya kebo kuukuu kwa sayansi hayategemei waya peke yake. Hutegemea pia kituo cha pwani, makabidhiano ya umiliki na ridhaa ya nchi zenye pwani, mambo ambayo hayana budi kuamuliwa kabla kebo haijazimwa. Kwa kuwa kebo za Afrika Mashariki nazo zina umri wa kukoma, tunapendekeza suala hili lianze kujadiliwa sasa, na lijadiliwe kwa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Kebo ya kwanza ya simu kuvuka Bahari ya Atlantiki, TAT-1, ilifunguliwa mwaka 1956. Iliunganisha Scotland na Newfoundland, na iliweza kubeba mazungumzo 36 tu kwa wakati mmoja. Baada yake zilifuata nyingine nyingi, kila moja ikiwa na uwezo mkubwa kuliko iliyoitangulia. TAT-1 iliachwa mwaka 1978. Kebo iliyoanzisha enzi ya nyuzi za kioo katika bahari hiyo, TAT-8, ilianza kazi mwaka 1988, nayo ikaachwa mwaka 2002, yaani baada ya miaka 14.

Mfululizo huu unaonyesha jambo moja la msingi. Mara nyingi kebo ya bahari haistaafu kwa sababu imekufa. Hustaafu kwa sababu imepitwa: gharama za kuiendesha huzidi mapato yake pale kebo mpya inapoweza kufanya kazi hiyohiyo mara maelfu. Mitambo ya pwani huzimwa, hesabu hufungwa, na kebo yenyewe aghalabu huachwa ilipolazwa. Swali linalojadiliwa katika makala hii ni hili: je, chombo kama hicho, ambacho bado kinaweza kupitisha umeme na ishara, kina kazi gani nyingine? Na ni masharti gani yanayoamua kama kazi hiyo itapatikana au la?

2.0 Istilahi

Kabla ya kuendelea, ni vyema tuweke wazi maneno machache. Katika matumizi ya Tanzania, neno mkongo limeenea kwa maana ya njia ya mawasiliano ya nyuzi za kioo, kama lilivyo katika jina Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Nchini Kenya, neno kebo husikika zaidi. Katika makala hii, kebo ni jina la jumla la chombo chochote cha namna hii, kiwe cha shaba au cha nyuzi za kioo. Mkongo tutautumia kwa kebo ya nyuzi za kioo pekee. Kebo ya shaba ya zamani, ambayo ina kipitishi cha kati na kipitishi cha nje vilivyotenganishwa na polithini, tutaiita kebo ya koaksia.

Neno mkondo nalo linahitaji tahadhari. Kiswahili hulitumia kwa maji yanayotembea baharini na pia kwa umeme unaopita katika waya. Katika mada hii mikondo yote miwili hukutana mahali pamoja, na, kama tutakavyoona katika sehemu ya 6.0, mmoja huweza kuuzalisha mwingine. Kwa sababu hiyo tutasema mkondo wa bahari na mkondo wa umeme kila inapolazimu.

3.0 Kwa nini kina cha bahari kichunguzwe

Bahari imefunika takribani asilimia 71 ya uso wa dunia, ilhali vituo vya kupima matetemeko ya ardhi viko karibu vyote nchi kavu na visiwani. Kati ya Hawaii na California, mathalani, kuna maelfu ya kilometa yasiyo na hata kisiwa kimoja cha kuwekea kipimatetemeko. Mtaalamu anayetaka kuchora picha ya tumbo la dunia kwa kutumia mawimbi ya matetemeko hukuta pengo mahali hapo.

Pengo hilo huweza kuzibwa kwa kuzamisha vyombo vyenye betri na kuvirudia baada ya miezi kadhaa. Njia hii hutumika sana, lakini ina kasoro mbili. Kwanza, betri huisha. Pili, data hazijulikani mpaka chombo kiopolewe, na kikipotea hupotea pamoja na kila kilichorekodiwa. Kwa utafiti wa muda mrefu hiyo ni hasara. Kwa tahadhari ya tsunami, njia hiyo haina msaada wowote, kwani tahadhari inayopatikana baada ya miezi si tahadhari.

Kinachohitajika, basi, ni vitu viwili: umeme usiokatika na njia ya kupeleka habari papo hapo. Kebo ya simu iliundwa kutoa vitu hivyohivyo viwili.

4.0 Kebo ya simu ilivyofanya kazi

Ishara ya simu hufifia kadiri inavyosafiri. Kwa hiyo kebo ya koaksia ya masafa marefu iliwekewa vikuzaji, yaani vyombo vya kuipa ishara nguvu mpya, kila baada ya kilometa kadhaa. Katika kebo za aina iliyotumiwa na kampuni ya AT&T ya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, vikuzaji hivyo viliachana kwa takribani kilometa 37, na vilitumia vali, kwani transista zilikuwa hazijaaminika kwa kazi ya kukaa chini ya bahari kwa miongo bila kutengenezwa.

Vikuzaji huhitaji umeme, na umeme huo hupitishwa katika kipitishi kilekile kinachobeba sauti. Mitambo ya pwani husukuma mkondo wa umeme usiobadilika, wenye kiasi kidogo kuliko ampea moja, lakini kwa volteji ya maelfu ya volti. Mazungumzo ya kwenda na ya kurudi hutenganishwa kwa masafa: upande mmoja hupewa masafa ya chini, upande wa pili masafa ya juu.

Kutokana na muundo huu, mtu akiikata kebo katikati ya bahari na kuiunganisha ncha yake na elektrodi iliyozama majini, mzunguko wa umeme hukamilika kupitia maji ya bahari yenyewe, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme. Kipande kinachobaki kimeshikamana na kituo cha pwani huendelea kuwa hai. Sehemu ya umeme huo huweza kuchotwa kwa ajili ya vyombo vya sayansi, na masafa yaliyobeba sauti za watu huweza kubeba data.

5.0 Mifano kutoka Pasifiki

5.1 HAW-2 na kituo cha H2O

Kebo ya HAW-2 ililazwa mwaka 1964 kati ya San Luis Obispo, California, na Makaha katika kisiwa cha Oahu. Iliacha kutumika kibiashara mwaka 1989, na AT&T iliitoa kwa wanasayansi kupitia IRIS, muungano wa vyuo vikuu vya Marekani uliokuwa ukishughulika na elimu ya matetemeko. Mradi uliofuata uliongozwa na Rhett Butler wa IRIS, Alan Chave wa Taasisi ya Bahari ya Woods Hole na Frederick Duennebier wa Chuo Kikuu cha Hawaii.

Mwezi Septemba 1998, wakitumia meli ya utafiti Thomas G. Thompson na roboti ya majini iitwayo Jason, walikwenda hadi takribani nusu ya njia kati ya Hawaii na California, mahali penye kina cha karibu mita 5000. Kebo ilitafutwa, ikakatwa, na ncha ya upande wa Hawaii ikavutwa hadi juu ya meli. Hapo iliunganishwa na sanduku la maungio, yaani chombo chenye soketi ambamo vyombo vingine vingeweza kuchomekwa, kisha vyote vikateremshwa tena. Jason ndiyo iliyochomeka vyombo kule chini, mahali ambapo mpiga mbizi hawezi kufika.

Kituo hicho, kilichopewa jina la H2O, yaani Hawaii-2 Observatory, kilikuwa na kipimatetemeko kilichofukiwa katika tope la sakafu ya bahari, pamoja na vyombo vingine. Data zilipita Makaha, zikaingia katika hazina ya IRIS na kuwa wazi kwa watafiti wa nchi yoyote. Kilifanya kazi mpaka mwaka 2003. Katika kipindi hicho, vikuzaji vya vali vilivyozamishwa mwaka 1964 vilikuwa vingali vinafanya kazi baada ya zaidi ya miaka 30, katika giza na mgandamizo mkubwa, bila kuguswa na fundi.

5.2 Kebo za Japani

Kebo ya TPC-1 nayo ilifunguliwa mwaka 1964, ikiunganisha Japani na Hawaii kupitia Guam, Wake na Midway. Ilipoachwa mwaka 1990, sehemu iliyo kati ya Guam na Ninomiya, Japani, ilikabidhiwa kwa pamoja kwa Taasisi ya Utafiti wa Matetemeko ya Chuo Kikuu cha Tokyo na IRIS. Mwaka 1997 kipimatetemeko kiliunganishwa na kebo hiyo katika eneo la Izu-Bonin, ambako bamba moja la ganda la dunia hudidimia chini ya jingine. Aidha, kebo ya TPC-2, iliyounganisha Guam na Okinawa tangu mwaka 1976, ilitumiwa mwaka 1999 katika mradi wa VENUS, uliopeleka vyombo vya aina mbalimbali katika kina cha zaidi ya mita 2000 nje ya Okinawa.

5.3 HAW-4 na Kituo cha ALOHA

Tangu Oktoba 1988 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hawaii wamekuwa wakipima bahari katika mahali pamoja, takribani kilometa 100 kaskazini ya Oahu, panapoitwa Kituo cha ALOHA. Mkongo wa HAW-4, ulioanza kazi mwaka 1989, ulipita karibu na hapo. Ulipostaafu, ulitumiwa kwa jaribio la kinasa-sauti cha majini kuanzia Februari 2007, na mnamo Juni 2011 ukaunganishwa na kituo kamili katika kina cha mita 4728. Miongoni mwa vilivyosikika katika kina hicho ni milio ya nyangumi. Kipima-mgandamizo kilichomo huhisi uzito wa maji yaliyo juu yake. Chombo cha namna hii huweza kutambua tsunami ikipita katika bahari ya kina, ambapo wimbi huwa chini ya mita moja na mabaharia walio juu yake hawalihisi.

6.0 Kebo yenyewe kama kipimo

Hadi hapa tumeizungumzia kebo kama njia ya kufikia vyombo vingine. Kuna matumizi ya pili, ambamo kebo yenyewe ndiyo kipimo.

Maji ya bahari hupitisha umeme. Yanapotembea ndani ya ugasumaku wa dunia huzalisha volteji. Michael Faraday alijaribu kuipima volteji hiyo katika mto Thames, London, mwaka 1832, lakini hakufanikiwa. Kebo ndefu iliyolala kukata njia ya mkondo wa bahari ilileta mafanikio. Tangu mwaka 1982, kebo za simu kati ya Florida na visiwa vya Bahama zimetumiwa kupima Mkondo wa Florida. Kwa wastani mkondo huo hupitisha takribani meta za ujazo milioni 32 kwa sekunde, kiasi kinachozidi maji ya mto Amazon zaidi ya mara mia moja. Meli ingeupima mkondo huo siku moja moja. Kebo imeupima siku baada ya siku kwa takribani miaka arobaini. Hali kadhalika, volteji katika kebo ya HAW-1, iliyolazwa mwaka 1957, ilitumiwa kukadiria jinsi miamba iliyo chini sana ya Pasifiki inavyopitisha umeme.

Mikongo imeongeza njia nyingine. Mwaka 2018 watafiti wa Ulaya walionyesha kwamba tetemeko la ardhi huweza kutambuliwa kutokana na mabadiliko madogo ya mwanga unaopita katika nyuzi za kioo. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliotumia mkongo wa Curie wa kampuni ya Google, wenye urefu wa zaidi ya kilometa 10000 kati ya Los Angeles na Valparaíso, Chile. Katika uchunguzi huo mkongo haukukatwa wala kuongezewa chombo chochote chini ya bahari, na uliendelea na kazi yake ya biashara.

7.0 Mipaka ya matumizi haya

Ingekuwa kosa kudhani kwamba kila kebo iliyostaafu ni zawadi isiyo na gharama. Tunaona mipaka mitatu.

Wa kwanza ni mahali. Njia ya kebo ilichaguliwa na wafanyabiashara wa simu, ambao walikwepa maeneo ya miamba mikali na matetemeko. Mwanasayansi mara nyingi hutaka maeneo hayohayo. Mradi wa ALOHA ulikuwa na bahati kwa sababu mkongo na kituo cha miaka mingi vilikaribiana. Bahati hiyo haipatikani kila pahali.

Wa pili ni gharama ya meli. Kebo yaweza kutolewa bure, lakini meli kubwa na roboti ya kina kirefu si bure, na kila hitilafu huhitaji safari mpya. Kituo chenye kebo moja na sanduku moja la maungio huweza kunyamazishwa na kasoro moja tu.

Wa tatu, ambao hausemwi vya kutosha, ni kituo cha pwani. Kebo bila mitambo ya kuilisha umeme ni chuma na plastiki tu. Kituo kikibomolewa, vipuri vikiuzwa na mafundi wakitawanyika, kuihuisha kebo huwa vigumu hata kama haina dosari. Zaidi ya hayo, zipo kampuni zinazoopoa kebo kuukuu ili kuuza shaba, chuma na polithini yake. Kazi hiyo ni halali, nayo hupunguza takataka za baharini. Lakini kebo iliyokwisha kuopolewa haiwezi kufikiriwa tena kwa sayansi. Katika mifano yote ya sehemu ya 5.0, makubaliano yalifikiwa wakati kebo na kituo vingali vinaweza kufanya kazi.

8.0 Suala la sheria na nafasi ya Afrika Mashariki

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985 na Kenya mwaka 1989, huzitazama kebo na utafiti kwa macho mawili tofauti. Kulaza kebo katika ukanda wa kiuchumi wa nchi, yaani hadi maili 200 za baharini kutoka pwani, ni uhuru wa mataifa yote. Kufanya utafiti wa kisayansi katika ukanda huohuo, kwa upande mwingine, kunahitaji ridhaa ya nchi yenye pwani kwa mujibu wa kifungu cha 246. Kifungu cha 248 humtaka mtafiti atoe taarifa miezi sita kabla ya kuanza. Kifungu cha 249 huipa nchi yenye pwani haki ya kushiriki, ya kupata data na, ikiomba, ya kusaidiwa kuzifasiri.

Inafuata kwamba kebo inapobadilika kutoka simu kwenda sayansi huweza pia kubadili hali yake ya kisheria. Wanasheria wanabishana kuhusu mipaka ya jambo hilo, hasa kwa kebo zenye matumizi mawili kwa wakati mmoja. Mjadala huo umepata uzito tangu mwaka 2012, mashirika matatu ya Umoja wa Mataifa, yaani la mawasiliano, la hali ya hewa na UNESCO kupitia tume yake ya bahari, yalipounda kikosi cha pamoja cha kuhimiza kebo mpya ziwekewe vipimo vya joto, mgandamizo na mitetemo tangu mwanzo. Mkataba haukukusudia vifungu hivyo viwe kizuizi tu. Kifungu cha 249 humpa mwenye pwani kiti katika meza ya utafiti, lakini kiti hicho hupata maana pale tu mwenye haki anapojua kwamba anayo.

Pwani yetu si ngeni kwa kebo. Mwaka 1879 Zanzibar iliunganishwa kwa simu ya maandishi na Aden kwa upande mmoja, na Msumbiji hadi Durban kwa upande mwingine. Baada ya miaka 130 ilikuja mikongo: SEACOM na TEAMS mwaka 2009, na EASSy mwaka 2010. Mikongo ya namna hii kwa kawaida hukadiriwa kudumu miaka 25. Kwa hesabu hiyo, ya kwanza itafikia umri wake katikati ya miaka ya 2030, na kama tulivyoona kwa TAT-8, biashara huweza kuuwahisha mwisho huo.

Bahari ya Hindi ya magharibi ina haja ya vipimo hivyo. Tarehe 26 Desemba 2004 tsunami iliyoanzia Sumatra ilisafiri kwa takribani saa saba kabla ya kufika Somalia, ambako iliua mamia ya watu. Tanzania na Kenya nako walikufa watu. Saa saba ni muda wa kutosha kuwaondoa watu ufukweni, ikiwa kuna chombo baharini cha kusema na mtu nchi kavu wa kusikia.

9.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba kebo ya simu iliyostaafu huweza kuitumikia sayansi kwa njia mbili: kwa kuvipa vyombo umeme na njia ya data, au kwa kuwa kipimo yenyewe. Tumeonyesha pia kwamba mafanikio ya HAW-2, TPC-1 na HAW-4 yalitegemea makabidhiano yaliyofanywa kwa wakati. Kutokana na hayo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mikataba ya mikongo ya pwani yetu, inapopitiwa upya, itaje kitakachofanyika mkongo utakapostaafu, na vyuo vikuu vyenye idara za sayansi za bahari vipewe nafasi ya kusema kabla kituo hakijafungwa. Pili, haki za kifungu cha 249 ziandikwe wazi katika ridhaa yoyote itakayotolewa.

Tatu, na hili linaihusu idara ya Kiswahili moja kwa moja, istilahi za uwanja huu ziwekwe sawa mapema. Katika makala hii tumelazimika kuchagua kati ya kebo na mkongo, kuutenga mkondo na mkondo, na kuunda kipimatetemeko na sanduku la maungio. Ofisa atakayesoma ombi la ridhaa, mwanafunzi atakayefasiri data, na mtangazaji wa redio atakayewaambia wavuvi watoke majini, wote watahitaji maneno hayo. Itakuwa afadhali wayakute yamekwisha kukubaliwa kuliko kila mmoja ayabuni peke yake siku ya haja.